Kumpisha Mama Mkwe Njiani

Jumatatu, 2 Julai 1984

Barua imefika! Sista wa foyer, shule ya kushona ya masista, ameileta mwenyewe, imekunjwa mara nne, inanuka moshi wa mlimani. Papa Gaspard, baba ya Émérence, anasema hivi: Jumapili tarehe 15 atawapokea wote waliotamka jina la binti yake kwa ajili ya arusi. Baada ya siku hiyo hatamsikiliza mtu mwingine. Tuje na vitu, tuje na adabu.

"Wote"! Kwa hiyo tuko wangapi? Nimeulizauliza sokoni. Tuko wawili. Mwenzangu ni Jérôme.

Jérôme! Mtu wa Fizi, mwuza dagaa, mwenye mashua ya mota na sauti nzito ya kwaya. Ataondoka hapa Kalemie kwa maji, atashuka Moba, kisha atapanda mlima kwa miguu na kapu lake kichwani. Watu wa bandari wanasema kila mwenye akili hupita majini. Mimi siogopi ziwa. Hatupatani tu.

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Mtu anayefika kwa miguu ananuka samaki na jasho. Mtu anayefika kwa gari, huko juu ambako gari huonekana mara mbili kwa mwaka, huyo hana haja ya kusema neno. Na Émérence mwenyewe, alipokuwa akijifunza kushona hapa kwa masista, aliniuliza katika barua yake ya pili kama ni mimi ninayepitisha Landrova ya kijani mbele ya foyer kila asubuhi. Nilijibu ndiyo. Si uongo wote: ufunguo wake hulala katika droo yangu.

Jumamosi, 7 Julai

Patron Urbain, mwenye depo ya mahindi ambako mimi ni karani, alipanda treni juzi kwenda Lubumbashi. Atakaa majuma mawili. Landrova imebaki uani chini ya turubai, haina kazi, inatia huruma.

Nimejichapia ordre de mission, hati ya safari ya kazi. Karani Cyrille anatumwa milimani kuchunguza hali ya barabara na uwezekano wa viazi. Muhuri wa depo nao uko katika droo yangu. Nimeupiga mara tatu, maana katika nchi hii muhuri mmoja ni kama mtu anayenong'ona.

Kasoro ni moja tu: kuendesha. Najua kwenda mbele. Mengine sijayafikia. Kwa hiyo nitamchukua Norbert, dereva na fundi wa depo, mzaliwa wa milima ile ile, mtu ambaye maneno yake ya siku nzima hayafiki kumi. Nilimwambia Patron ameagiza. Akautazama muhuri wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akauliza kama Patron anajua. Nikasema Patron anajua mambo mengi sana. Akaenda kupima mafuta ya injini.

Vitu viko tayari: koti la sufu la Papa Gaspard, blanketi mbili, gunia la chumvi. Norbert ataendesha mpaka kilima cha mwisho. Hapo nitashika usukani mimi, ili nionekane, na yeye atakaa nyuma na chumvi.

Jumatatu, 9 Julai

Tumeondoka! Nilimwagiza Norbert apite kwanza bandarini, nikapiga honi. Jérôme alikuwa akiziba tundu la mashua yake. Alinipungia mkono, akacheka. Acheke!

Saa nne, daraja la kwanza. Magogo matano, mawili yamelala ovyo. Norbert alishuka, akakanyaga gogo moja moja kama anayechagua nyanya sokoni, akayageuza yale mawili, akapima upana kwa nyayo. Nusu saa nzima! Nilimkumbusha kwamba misioni yetu ina haraka. Akaniomba nivuke kwa miguu. Nikavuka kwa miguu, ili nimsimamie kutoka ng'ambo.

Madaraja sita leo. Yote nimeyavuka kwa miguu. Sijawahi kuchoka kwa kutembea kama nilivyochoka tangu nipate gari.

Jumanne, 10 Julai

Mlima umeanza. Barabara hii ilichorwa na mbuzi. Upande huu mwamba, upande ule hakuna kitu, na katikati kuna mfereji uliochimbwa na mvua za Machi. Kona nyingine ni kali mno. Norbert anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele tena, na anaporudi nyuma mimi ndiye niliyekaa upande wa hewa. Nilifumba macho ili nitunge hotuba yangu ya Jumapili.

Ugomvi mmoja. Karibu na gia kuna fimbo fupi yenye kichwa chekundu. Norbert alitaka kuivuta. Nilikataza. Nyekundu ni hatari, hata mtoto anajua. Gari likapanda mita kumi, likanuka, likazima, tukarudi mita kumi. Mara nne! Kisha nikasinzia kidogo, na nilipoamka tulikuwa juu. Nilimweleza Norbert kwamba subira ndiyo dawa ya mlima. Ile fimbo ilikuwa imesogea. Mitikisiko, bila shaka.

Jioni tulipokaa kuota moto, Norbert akazungumza. Labda maneno hamsini! Aliuliza kama ninajua buko, heshima ya wakwe wa huku. Mimi nimezaliwa kambi ya reli. Baba yangu, mtu wa Kongolo, alifariki kabla ya kunifundisha mambo hayo. Norbert akanifundisha. Mama mkwe humwangalii usoni. Humshiki mkono. Humtaji jina, wala huli mbele yake. Ukiwa na neno, unamtuma mtu. Ukikutana naye njiani, unatoka njiani, unaingia majanini, unageuza uso mpaka apite. Nimeyaandika yote katika kiganja cha mkono wa kulia.

Jumatano, 11 Julai

Siku gani hii!

Nilishika usukani saa tatu asubuhi. Kijiji kilikuwa nyuma ya kilima kimoja tu. Nilikuwa nimevaa koti la Papa Gaspard, kwa muda, pamoja na miwani ya jua. Norbert yuko nyuma, anapiga kelele jambo fulani kuhusu breki. Niliendesha vizuri sana. Kona ya kwanza, vizuri. Kona ya pili, vizuri. Kona ya tatu, mama mmoja na kapu la viazi kichwani, katikati ya barabara, na nyuma yake Émérence!

Kama nyuma ni Émérence, basi mbele ni Mama Bertille. Mama mkwe! Kiganja kilikuwa kimeshika usukani, sikuweza kukisoma. Lakini nilikumbuka. Nilitoka njiani. Niliingia majanini. Niligeuza uso.

Sasa Landrova imekaa tumbo juu ya kichuguu, magurudumu matatu hewani. La nne limeegemea mti mmoja mwembamba, na baada ya mti ule ni bonde. Hakuna aliyeumia. Gunia la chumvi limepasuka. Norbert alitoka nyuma mweupe toka kichwani hadi miguuni. Émérence alikuja mbio akamuuliza kama ameumia. Ana adabu yule binti: anaanza na wafanyakazi.

Na Mama Bertille? Alitupa kapu, akavuta kitenge usoni, akakimbilia nyuma ya mawe, akanipa mgongo! Nilimwona katika kioo. Mimi nimeharibu gari la watu kwa ajili ya heshima yake, yeye ananikimbia kama nyuki. Norbert anasema ni dalili nzuri. Buko ina pande mbili, na mama naye hujificha: "Anakukimbia juu ya heshima, Cyrille. Anakuhesabu mukwe tayari. Njo vizuri kabisa."

Norbert ni mtu mwema. Hivyo ndivyo watu wanavyosema na mgonjwa.

Alhamisi, 12 Julai

Bado tuko juu ya kichuguu. Shamba la viazi la Mama Bertille liko hapa hapa, hatua mia mbili, na kuna kibanda ambamo yeye na Émérence wanalala wakati huu wa mavuno. Kwa hiyo kila akitokea inabidi niingie majanini. Leo nimeingia mara tisa. Yana miiba.

Kumbe Mama Bertille ni binti wa kantonye, mmoja wa wale waliokuwa wakitengeneza barabara hii zamani kwa sururu na toroli. Anajua kila jiwe lake. Ana ushauri mwingi. Lakini hawezi kuniambia, nami siwezi kumwuliza. Nimepanga vizuri: mdomo wangu ni Norbert, mdomo wa Mama ni Émérence. Wanakutana katikati, kwenye jiwe kubwa. Midomo miwili iko kazini, mimi napumzika.

Saa mbili nilituma swali fupi: tuchimbe upande gani? Jibu lilirudi saa nne. Upande wa mlima. Nikauliza: kwa jembe au kwa mti? Jibu lilirudi saa saba! Wanawake wa milimani wanafikiri sana. Kwa vyote viwili. Saa nane Norbert alikwenda tena, bila swali lolote, kuhakikisha kwamba tumeelewa jibu. Wafanyakazi wa namna hii ni wachache. Nilimsikia Émérence akicheka mpaka huku. Nadhani Norbert alimwonjesha hotuba yangu. Ina mahali pa kuchekesha.

Ijumaa, 13 Julai

Jérôme amefika. Kwa miguu, kandambili, kapu la samaki wakavu kichwani, hata hahemi. Jana alikuwa Moba. Alinikuta nimechutama nyuma ya kichuguu, akaniuliza kwa huruma kama tumbo linanisumbua. Nikajibu kwamba ninachunguza barabara.

Halafu nikaona kwa macho yangu. Mama Bertille akatoka shambani, na Jérôme akamshika mikono yote miwili, kama wanavyoamkiana katika kanisa lao huko Fizi, "Bwana asifiwe, Mama!" Karibu nipige makofi. Amekwisha huyo! Amemshika mkono! Nikangoja Mama apige kelele. Mama akacheka. Akamkalisha juu ya gunia. Akapika wale samaki. Wakala sahani moja, mchana kweupe, Mama akimwangalia usoni bila wasiwasi wowote.

Mimi sikula. Moyo uliniuma, sitaki kuficha. Miaka miwili naandika barua. Yeye ameandika ngapi?

Norbert alikuja na faraja zake tena. Jérôme, anasema, ni mpita njia. Ndiyo sababu Mama anakula naye. Angekuwa amempokea kama mkwe, asingemwonyesha hata kisigino. Ndivyo Émérence alivyomweleza pale jiweni. Nimechoka na faraja. Naona mwenyewe: anayelishwa anapendwa, anayekimbiwa hapendwi. Huhitaji kwenda seminari kujua hilo. Nina mpango mpya. Norbert sitamwambia.

Jumamosi, 14 Julai

Salongo! Kila Jumamosi kijiji kinatakiwa kufanya kazi ya pamoja barabarani. Leo, badala ya kuziba mashimo, watu kama arobaini walikuja kututoa, Papa Gaspard mbele yao na kamba begani. Mama Bertille alitoa amri kutoka nyuma ya kibanda, Émérence akazileta, Norbert akazitimiza. Matairi yapunguzwe upepo. Mawe yapangwe chini ya gurudumu la upande wa mlima. Kamba ifungwe mti wa juu. Na ile fimbo nyekundu ivutwe. Nilipinga nyekundu kwa nguvu zangu zote, lakini nilikuwa majanini, hakuna aliyenisikia.

Landrova ilipanda barabarani polepole, kama bibi anayeinuka kitini. Watu wakapiga vigelegele. Bampa ya mbele ilibaki kwenye kichuguu.

Papa Gaspard alinitafuta, akanikuta kwenye miiba. Akanishika bega. Alisema hajapata kuona kijana wa mjini mwenye heshima namna hii. Wengine huwapigia wakwe zao honi. "Kesho, siku ya Mungu, tutaongea vizuri, mutoto wangu."

Mutoto wangu! Hiyo ni sauti ya kuaga. Baba hukuita mtoto anapotaka kukunyima kitu. Kesho lazima nitende.

Jumapili, 15 Julai

Baada ya misa wazee walikaa. Papa Gaspard alivaa koti nililomletea. Lina tundu moja dogo la mwiba, halionekani akikaa. Jérôme alitoa samaki wake, akaimba wimbo, wakamshukuru sana, wakamwekea chakula. Zamu yangu ikafika. Watu wote wananitazama kwa upole. Mama Bertille hayupo! Yuko jikoni, amenipa mgongo, na ukuta pia.

Nikaomba ruhusa ya kutoka kidogo. Nikazunguka nyumba. Nikaingia jikoni.

Nikamshika Mama Bertille mikono yote miwili, kwa nguvu, aone moyo wangu. Nikasema: "Bwana asifiwe, Mama Bertille!" Kwa jina lake, kwa sauti kubwa. Nikamwangalia usoni, ana macho ya Émérence kabisa. Kisha nikamega tonge la bukari katika sufuria yake, nikala mbele yake.

Mwiko ulianguka. Mama alipiga yowe. Wanawake wote wakapiga yowe. Nami nikapiga, nikidhani ndiyo desturi.

Papa Gaspard akaja. Alisimama mlangoni. Hakukasirika, alionekana amechoka tu. Akasema polepole: "Kama unamushika mama mukono, basi hauko tena mukwe wetu. Uko mugeni, sawa Jérôme. Kula, ushibe, urudi salama."

Mugeni! Sawa Jérôme! Katika siku moja nimemfikia! Nilikaa karibu yake, nikala sahani mbili, na Mama Bertille mwenyewe alituletea maji ya kunawa, akaniangalia usoni, hakukimbia tena. Mpango umefaulu. Tarehe ya arusi hawakuitaja, nadhani kwa sababu ya kelele. Jambo moja sikulielewa: wamenirudishia blanketi na koti. Pengine huku kuna joto kuliko ninavyodhani.

Na Émérence hakutoka ndani. Tulipoanza kushuka niligeuka mara tatu, na mlango ulikuwa umefungwa. Hapo niliumia kweli. Nilitamani kurudi kwa miguu nimwombe tu aniambie kwaheri. Nilimwambia Norbert asimame, hakusikia. Naye alikuwa akitazama nyuma katika kioo, nusura tuingie kwenye mawe.

Ijumaa, 20 Julai

Patron Urbain amerudi. Aliizunguka Landrova mara mbili. Akauliza bampa iko wapi. Nikampa ripoti yangu ya viazi, kurasa nne. Yeye akasoma mihuri tu.

Nimehamishiwa Ankoro kuanzia mwezi wa tisa, kwenye depo ndogo ya kando ya mto. Huko hakuna gari, watu wanasafiri kwa mtumbwi. Patron anasema anataka kuniweka mbali na kila kitu chenye magurudumu. Nikamshukuru. Si kila karani anayepewa depo yake.

Norbert ametumwa mlimani kuleta bampa. Kwa mtu aliyerudi juzi, alikubali haraka mno. Amenyoa ndevu. Amenunua shati jeupe. Kwa bampa!

Jumamosi, 4 Agosti

Norbert amerudi leo. Siku kumi na tano kwa bampa moja! Amenisimulia yote, nami nimemhurumia sana.

Mama Bertille alipoona Landrova inapanda, alitupa jembe, akafunika uso, akakimbilia nyuma ya ghala. Siku zote Norbert alizokaa kule, Mama hakula naye hata mara moja. Hakumshika mkono. Jina lake halitaji tena, anamwita "yule". Chakula chake kilikuwa kinaletwa pembeni na Émérence, kimefunikwa kwa sahani. Maskini! Mimi nilinawishwa na Mama mwenyewe, yeye wanamfanya kama mwenye ukoma. Na bado anatabasamu. Nimemwambia asikate tamaa. Akijitahidi, iko siku naye atakuwa mgeni.

Kisha akaniomba nimwandikie barua, maana mwandiko wake ni wa mtu wa spana. Barua ya heshima kwa Papa Gaspard, kumwomba siku ambayo wazee wetu watapanda kuleta vitu kwa ajili ya Émérence. Niliruka nikamkumbatia! Norbert akatazama viatu vyake. "Cyrille, sikia vizuri. Hii barua njo yangu. Haiko yako." Nikamwambia nimeelewa. Sijapata kuona rafiki wa namna hii, mtu anayejitwika kazi ya mwenzake na kuiita yake.

Nimeandika kurasa tatu. Kila neno nililotaka kumwambia Émérence pale mlango ulipofungwa, nimelitia humo. Nilipoisoma kwa sauti, Norbert alifuta macho. Mwishoni aliniomba niandike jina lake chini, lake peke yake. Ni busara, Papa Gaspard amekwisha kulizoea. Jumatatu asubuhi nakwenda kwa fundi anipime suti ya arusi.